Kidato cha Nusu

Mradi wangu wa mwaka wa mwisho ulikuwa maktaba:
ukumbi wa mita sita bila nguzo,
vioo upande wa bahari,
paa kama kitabu kilichofunuliwa kifudifudi.
Nilikesha siku nne nikikata kadibodi,
gundi ikanikaukia kwenye kucha.
Majaji wakaizunguka mara mbili.
Mmoja akainama, akachungulia mlango mdogo kama punje,
akasema, "Hapa ningependa kukaa."
Sentensi hiyo nilirudi nayo Lamu
mkobani, pamoja na cheti na rula ya pembe tatu.

Ofisi ya Bwana Shekuwe iko Mkomani, juu ya duka la nyuzi.
Meza mbili, printa inayotafuna karatasi,
feni inayozungusha joto lile lile.
Kazi ya kwanza: kapime nyumba.

Nikapima.
Ukuta wa kusini, mita nane na sentimita kumi na mbili.
Wa kaskazini, saba na tisini na nne.
Nikavuta tepu pembe hadi pembe,
nikavuta mshazari wa pili,
ukapungua shibiri nzima.
Nikafuta. Nikarudia. Tepu haikubadili ushahidi.
Kompyuta ilitaka digrii tisini;
nyumba ilikuwa na zake, themanini na saba, tisini na mbili,
na pembe moja nyuma ya zidaka
ambayo hadi leo siiamini.

Usiku nikainyoosha yote kwenye skrini. Ikapendeza.
Asubuhi Bwana Shekuwe akapandisha miwani:
"Hii ni nyumba ya nani?"

Fundi Lali nilimwonyesha maktaba yangu kwenye simu.
Kijana wa miaka thelathini, chokaa kwenye kope,
sikio moja likisikiliza mpira.
Akaikuza picha kwa vidole viwili, akatafuta dari.
"Mita sita? Boriti hiyo uiwene wapi?"
Hakucheka. Alitaka kujua.
Nikatazama juu: boriti, boriti, boriti,
kila moja imekoma pale mkoko ulipochoka kunyooka,
dhiraa sita na kidogo.
Chumba kimekatwa kwa kimo cha mti.
Changu nilikikata kwa kimo cha nini, sijui.
Goli likaingia. Akanirudishia simu.

Mteja wangu wa kwanza hakutaka nyumba.
Bi Maimuna Famau alitaka kupanda ngazi yake.
Goti la kushoto limegoma tangu Rajabu,
na kidato cha kwanza, Mungu awarehemu waliojenga,
kina sentimita thelathini na nne.
"Umesoma mpaka kidato gani?"
"Nilivimaliza vyote, Bi."
"Basi nipunguzie hiki kimoja."

Nilichora mara saba.
Nikachora mdomo wa kidato, mteremko wa maji,
hata kivuli chake saa tatu asubuhi.
Bwana Shekuwe akapiga mhuri bila kusema neno,
akaandika ankara ndogo kuliko nauli yangu.
Fundi Lali akamaliza kabla ya alasiri.
Mchoro wa saba aliutia maji
akaufunika juu ya chokaa, isikauke haraka ikapasuka.

Wiki ya pili nikapita, najifanya napita tu.
Mlango ulikuwa wazi.
Bi Maimuna ameketi juu ya kidato changu,
goti limenyooshwa mbele, ungo mapajani,
anapepeta mchele.

"Unapanda vizuri, Bi?"
"Kupanda napanda usiku. Mchana nakaa hapa."

Sikujua nifurahi au nikapime upya.
Akasogea kidogo, akapangusa makapi kwa kiganja.
Nafasi ilitosha, kwa kubanana,
mtu mmoja na nusu.